Mtoto akishapewa kifaa cha kusikia, kazi ndiyo kwanza inaanza

Tangu Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto ambao hawakuwa wakisikia kabisa. Kabla ya hapo watoto hao walipelekwa India, kwa gharama ambayo familia ya kawaida isingeimudu hata ingeuza shamba. Tunawapongeza madaktari wetu kwa dhati. Lakini kila tunapoona picha ya mtoto aliyewashiwa kifaa akatabasamu, tunajiuliza: akirudi Kigoma au Newala, nani atamfundisha kusikia?

Maana kusikia kunafundishwa. Mtoto mwenye masikio mazima ameanza kuizoea sauti ya mama yake tangu tumboni. Aliyepata kifaa akiwa na miaka mitatu anaanza siku hiyo, na kelele zote zinamwingia kwa mkupuo: feni, bodaboda, jogoo, shangazi anayemwita kwa jina. Hajui ipi aifuate na ipi aiache. Ubongo wake unahitaji miezi, mara nyingi miaka, ya kuzoezwa, na mwenye nafasi ya kumzoeza kila siku ni yule anayemwogesha na kumlisha.

Mazoezi yenyewe hayahitaji maabara. Muuza kahawa anapita uchochoroni akigonganisha vikombe vyake. Mama anagusa sikio, anasema "Sikiliza!", anasubiri mtoto ageuze shingo, ndipo wanatoka nje kumwangalia. Sikio kwanza, jicho baadaye. Asubuhi kabla ya chai anakaa nyuma ya mwanawe, asiuone mdomo, anatamka sauti sita mojamoja: m, u, a, i, sh, s. Kila anaposikia, mtoto anadondosha kizibo cha soda kwenye kopo. Sauti hizo zilichaguliwa na Daniel Ling, mtaalamu aliyefanya kazi Kanada, kwa sababu zinapima usemi kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, na bahati nzuri zote sita zimo katika Kiswahili. Mtoto aliyeisikia "s" jana na leo ikampita, huenda betri imechoka, au, kwa mtoto anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kisichopandikizwa, mrija wake umeziba kwa nta na jasho. Dakika mbili hizo zinamwokoa asikae darasani siku nzima bila kuambulia kitu.

Kinachotuuma ni kwamba akina mama wengi hawafundishwi haya. Wanakabidhiwa kifaa na tarehe ya kurudi, basi. Nyumbani shimesikio inaanza kupiga mluzi, kwa sababu sikio la mtoto limekua na kile kipande kinachokaa ndani ya sikio hakimtoshi tena. Mtoto mchanga huhitaji kutengenezewa kipya kila baada ya miezi michache. Mama hajui hilo. Anaona watu kwenye daladala wanageuka, anakivua kifaa na kukitia kwenye pochi. Betri nazo hudumu wiki moja, pengine mbili, kisha zinatakiwa nyingine. Ni vidonge vidogo vinavyoanza kufanya kazi hewa inapoingia, kwa hiyo ukishabandua kile kibandiko zinaisha hata kama kifaa hakitumiki. Duka la mtaani halina. Wilayani hazipo. Kifaa cha fedha nyingi kinalala kabatini, na majirani wanahitimisha kwamba mtoto "hakusaidika".

Tunachelewa pia mwanzoni. Utaratibu unaopendekezwa na wataalamu duniani ni mtoto apimwe masikio kabla hajafikisha mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Kwetu wengi hugundulika wakiwa na miaka miwili au zaidi, baada ya mama kuambiwa mara nyingi mno kwamba atasema tu, hata baba yake alichelewa. Njiti, aliyepata manjano kali, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, hao angalau wasiruhusiwe kutoka wodini kabla masikio yao hayajapimwa.

Tusieleweke kwamba tunaibeza lugha ya alama. Wapo watoto ambao kifaa hakitawafaa, na wapo ambao watakisubiri muda mrefu. Mtoto hawezi kukaa bila lugha akingojea foleni isogee, na kujua alama hakumzuii kujifunza kusema. Mzazi anayeambiwa achague moja na kuitupa nyingine anadhulumiwa, na mwanawe anadhulumiwa zaidi.

Serikali haina haja ya kungoja mradi mkubwa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (Muhas) kinafundisha vijana fani ya usikivu na usemi. Wapewe ajira katika hospitali za mikoa, na sehemu ya kazi yao iwe kukaa na wazazi na kuwaonyesha namna ya kucheza na mtoto ili asikie. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Tunataka kitita chake kitaje waziwazi betri, matengenezo na vile vipande vya sikio, kwa kila mtoto, hadi atakapomaliza shule. Nayo Bohari ya Dawa, ambayo tayari inapeleka dawa hadi zahanati za vijijini, ianze kubeba betri hizi. Katoni moja haijazi hata kona ya lori. Ianze na bajeti hii inayokuja.