Unanawa mikono, lakini saa yako je?

Mfanyabiashara mmoja wa makamo alifika katika zahanati yangu mjini Homa Bay akilalamika kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa ukimwasha usiku kucha. Alikuwa amekwisha kumaliza dawa tatu za kupaka alizojinunulia dukani bila kuandikiwa na daktari. Nilipomwomba avue saa ili niutazame mkono vizuri, alisita kidogo, kisha akaivua taratibu kama mtu anayeshika yai.

Ilikuwa saa ya kutoka Uswisi, ya chuma kinachometameta, na kwa bei aliyonitajia ungeweza kununua ng'ombe wa kutosha kulipa mahari. Lakini chini yake ngozi ilikuwa imekuwa nene na nyeusi, yenye vipele vinavyotoa majimaji. Nilipoigeuza saa yenyewe nikaona kwamba katikati ya vipande vya mkanda wake kulikuwa na utando wa kijivu unaonuka.

"Mzee, saa hii uliiosha lini?" nikamuuliza.

"Daktari, saa ya bei kama hii haioshwi," akanijibu kwa mshangao. "Maji yataiua."

Alikuwa nayo kwa miaka sita.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengi wetu tunaovaa saa za kifahari (na hapa sizungumzii ile rolex ya chapati na mayai iliyotujia kutoka Uganda) tunazipangusa kioo ili zing'ae mbele za watu, lakini upande unaogusa mwili hatuutazami kamwe. Maoni yangu ni kwamba kuisafisha saa ni jambo la afya kabla halijawa jambo la urembo. Na ninaongeza jambo la pili: nje ya saa ni kazi yako, ndani ya saa ni kazi ya fundi. Wanaochanganya mambo haya mawili ndio wanaotuletea matatizo hospitalini.

Kabla sijamlaumu mtu yeyote, acha nijilaumu mwenyewe. Nilipohitimu masomo ya udaktari, baba yangu alinipa saa. Niliivaa kila siku wodini kwa miaka mingi. Siku moja muuguzi mmoja mzee, ambaye alikuwa kazini kabla mimi sijaanza shule ya msingi, alinitazama nikinawa mikono baada ya kusafisha kidonda, akasema kwa upole: "Daktari, umenawa mpaka kwenye saa, kisha ukarudi." Sikuwa na la kumjibu. Maji na sabuni vilikuwa vimeishia pale mkanda ulipoanzia, na ni mkanda huohuo nilioutoa kwa mgonjwa mmoja na kuupeleka kwa mwingine.

Muuguzi yule alikuwa na hoja. Mwaka 2007 wizara ya afya ya Uingereza ilitoa mwongozo kwamba wahudumu wanaowagusa wagonjwa wavae mikono mifupi na wasiwe na saa mkononi, ili waweze kunawa hadi kwenye kifundo cha mkono. Hapa kwetu, kipindupindu kilipozuka katika kaunti za Migori na Homa Bay mwaka 2015, kila mtu alihimizwa kunawa. Watu walinawa kweli, lakini ni wangapi waliovua saa kwanza? Anayechambua samaki, anayembadilisha mtoto nepi, anayemuuguza mgonjwa wa kuhara, wote hawa wanaweza kunawa vidole vikang'aa huku uchafu ukibaki kwenye mkanda sentimita chache tu kutoka kwenye kiganja.

KWA NINI NGOZI HUUGUA

Joto la pwani ya ziwa letu tunalijua. Jasho linalotoka chini ya saa halipati pa kukaukia. Huchanganyika na mafuta ya ngozi, mabaki ya sabuni na vumbi, na mchanganyiko huo huilainisha ngozi na kuichubua. Ngozi iliyochubuka ni mlango uliofunguliwa kwa bakteria na kuvu.

Sababu ya pili ni nikeli, madini yanayotiwa katika vyuma vingi visivyoshika kutu. Chuma cha saa bora huishikilia nikeli kwa nguvu na hutoa kidogo sana, lakini saa za bandia zilizopakwa rangi ya dhahabu huweza kuitoa kwa wingi, hasa zikilowa jasho. Mtu ambaye mwili wake umeikataa nikeli huota vipele pale pale chuma kinapogusa, wakati mwingine vikiwa na umbo lile lile la kifungo cha mkanda. Tatizo hili ni la kweli kiasi kwamba mwaka 1994 nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria ya kudhibiti nikeli inayotoka katika vitu vinavyogusa ngozi, saa zikiwemo. Mikanda ya ngozi nayo ina lake, kwani dawa za kromi zinazotumiwa kulainisha ngozi ya mnyama huwadhuru baadhi ya watu.

Ukipata mwasho chini ya saa, dawa ya kwanza ni kuivua na kuipumzisha ngozi mpaka ipone. Usikimbilie kununua dawa kali za kupaka za steroidi. Zikipakwa juu ya kuvu, hutuliza mwasho kwa siku chache huku ugonjwa wenyewe ukienea. Hilo ndilo lililompata yule mfanyabiashara.

JINSI YA KUISAFISHA

Kwanza tazama maandishi yaliyo nyuma ya saa. Ukiona mita 30, usidhani waweza kupiga nayo mbizi mita 30. Maana yake ni kwamba inastahimili matone na mvua, basi. Saa ya mita 100 au zaidi yaweza kuoshwa kwa maji bila wasiwasi mkubwa, mradi mipira yake ya kuzuia maji haijazeeka. Mipira hiyo huchakaa, hivyo mwombe fundi aikague kila mwaka au miaka miwili. Ikiwa hujui saa yako ni ya aina gani, ichukulie kama isiyoweza maji: ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na uoshe mkanda peke yake baada ya kuutoa.

Hakikisha kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira kimesukumwa ndani, na kama ni cha kukazwa, kimekazwa. Chukua maji ya uvuguvugu katika bakuli, tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, na mswaki laini usiotumiwa tena na mtu yeyote nyumbani. Sugua polepole katikati ya vipande vya mkanda, kwenye kifungo, na kwenye mgongo wa saa. Ondoa sabuni kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji safi, kausha kwa kitambaa laini, kisha iache nusu saa kabla ya kuivaa. Mkono nao uwe mkavu. Mwaga maji hayo, na unawe mikono.

Mkanda wa ngozi usiuloweke. Upanguse na uuanike kivulini, si juani. Ukianza kunuka hata baada ya kupanguswa, ubadilishe.

Katika joto letu, pangusa saa kila jioni na ioshe mara moja kwa wiki. Usilale nayo.

Vitu ambavyo sitaki kusikia vikitumiwa ni hivi: Jik, kwa sababu klorini huila chuma na kuunguza ngozi, petroli, ambayo huharibu mipira, huchubua mkono na yaweza kuwasha moto nyumbani, dawa ya meno na majivu, ambayo hukwaruza na kuondoa tabaka jembamba la dhahabu, na maji ya moto, ambayo mvuke wake hupenya ndani.

USIIFUNGUE

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Mjini Migori, mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akitoka kamasi jeusi lenye harufu mbaya katika tundu moja la pua. Alidhani ni mafua. Nilipomulika ndani nikaona kitu kinachong'aa. Ilikuwa betri ya saa, ile ndogo ya mviringo kama kifungo cha shati. Siku mbili kabla, baba yake alikuwa ameifungua saa yake mezani kwa kisu ili aisafishe, na betri ikamponyoka. Kwa kuwa ilikuwa imekwisha nguvu, hakujisumbua kuitafuta.

Betri kama hiyo haihitaji kupasuka ili idhuru. Ikikaa mahali penye unyevu mwilini, umeme wake hutengeneza kemikali kali kama magadi ya kuunguza, na nyama huanza kuungua ndani ya saa chache. Hata betri isiyoweza tena kuendesha saa huwa na umeme wa kutosha kufanya hivyo. Tuliitoa betri ile, lakini ukuta unaotenganisha matundu ya pua ulikuwa umetoboka. Mtoto yu hai na anasoma. Akivuta pumzi kwa nguvu, pua yake hulia kama kipenga.

Huyo alikuwa na bahati. Betri kubwa zaidi, zenye upana wa milimita 20, zinazotumiwa katika baadhi ya saa za dijitali na vidude vya nyumbani, zikimezwa na kukwama kooni huweza kuunguza umio kwa saa mbili tu, na watoto wamekufa. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, usimtapishe, wala usingoje kuona kama itatoka. Mkimbize hospitali yenye mashine ya eksirei. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, visizidi mara sita, lakini usicheleweshe safari kwa kutafuta asali. Ikiwa imeingia puani au sikioni, usitie matone ya dawa wala mafuta. Pelekeni mtoto atolewe.

Kuna pia saa za urithi. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960, ambazo namba zake zilikuwa zikiwaka gizani, zilipakwa rangi yenye radiamu. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey nchini Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani walizoea kuchongoa brashi kwa midomo. Taya zao zilioza na wengi wakafa. Watano kati yao walishtaki, na kesi yao ikamalizwa kwa fidia mwaka 1928. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hivyo saa ya babu ya enzi za vita vya pili vya dunia bado inayo. Ikiwa imefungwa, ihifadhi vizuri. Usiifungue, na usikwangue uso wake.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu wa machimbo ya Nyatike na kwa wanunuzi wa dhahabu mjini. Zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu haichagui kati ya dhahabu ya mchangani na ile ya saa yako. Ikiigusa, huacha doa jeupe. Nimewahi kuulizwa na mteja kama anaweza kulichoma doa hilo kwenye jiko la makaa, kama wanavyofanya machimboni. Nilimwambia: utalipata doa lako hewani, na wanao watalivuta. Mvuke wa zebaki huleta kutetemeka, kupoteza kumbukumbu na kuharibika kwa figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Saa hiyo ifunge ndani ya chupa yenye kifuniko, iweke mbali na moto, na ukiipeleka kwa sonara mwambie waziwazi kwamba imeguswa na zebaki. Na tangu leo, ivue kabla ya kwenda kazini.

Yule mfanyabiashara wa Homa Bay alirudi baada ya mwezi mmoja. Ngozi ilikuwa imepona, na saa ilikuwa mfukoni, imefungwa katika leso safi. Aliniambia kuwa maji ya kwanza aliyoiosha nayo yalikuwa meusi kama chai ya rangi, na kwamba mkewe aliyaona akacheka. Nilimwomba asicheke peke yake, awaeleze na wenzake sokoni.

Saa inatukumbusha kwamba wakati unakwenda. Basi chukua dakika kumi za wakati huo, mara moja kwa wiki, uioshe. Ukimaliza, iache imefungwa.