MAMBO YA BUSTANI: Azalea na Rododendroni

Iko miti miwili midogo ya maua ambayo watu wengi huichanganya: azalea na rododendroni. Asili ya aina zake nyingi ni Asia, wala haikuota Afrika ila kwa kupandwa. Hata hivyo ukoo wake si mgeni kwetu, kwani ndio ukoo wa Erika, ule mti wenye majani membamba kama sindano, uotao katika Mlima Kenya juu ya msitu wa mianzi.

Kuipambanua si kazi ngumu. Tazama kwanza jani. Jani la rododendroni kwa kawaida ni kubwa, nene, gumu kama ngozi, nalo hukaa mtini mwaka mzima. Jani la azalea ni dogo na jembamba, mara nyingi lina vinyweleo, na azalea nyingine hupukutisha majani yote wakati wa baridi. Kisha lifungue ua, uhesabu nyuzi zichukuazo unga wa maua: azalea kwa kawaida ina tano, rododendroni kumi au zaidi.

Bwana Carl Linnaeus wa Uswidi aliigawa mimea kwa hesabu ya nyuzi hizo, na mwaka 1753 aliitenga miti hii kuwa jamii mbili. Mwaka 1834 Bwana George Don wa Scotland aliiunganisha kuwa jamii moja, na mpaka leo wataalamu huihesabu azalea kuwa ni rododendroni.

Undugu huo una jambo zito, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Yote miwili ina sumu katika majani na maua. Kando ya Bahari Nyeusi, katika nchi ya Uturuki, huota rododendroni na azalea ya manjano pia. Huko, kiasi cha mwaka 400 kabla ya Kristo, askari wa Kiyunani walikula asali ya nyuki wa nchi ile, wakalala chini kama walevi. Xenophon, mkuu wao, ameyaandika hayo.

Basi, ewe msomaji, upogoapo miti hii usiwatupie mbuzi wala kondoo matawi yake. Yachimbie shimo uyafukie. Ukimwona mnyama anatokwa na mate, anatapika na kulegea, mwite Bwana Mganga wa Mifugo bila kukawia.