Nyumba za bei nafuu Tabora: Mkulima aruhusiwe kulipa kwa msimu

KWA zaidi ya miaka kumi sasa, maneno "nyumba za bei nafuu" yamezoeleka masikioni mwa wakazi wa mikoa ya magharibi. Katika miaka ya 2010, Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) lilitoka nje ya miji mikubwa na kujenga nyumba za aina hiyo Uyui mkoani Tabora, Mlole mkoani Kigoma, Unyankumi mkoani Singida, pamoja na Ilembo na Inyonga mkoani Katavi. Hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa, kwani kabla ya hapo nyumba mpya ya kununua ilikuwa habari ya Dar es Salaam.

Hata hivyo, utaratibu wa kuzinunua ulimfaa zaidi mtu mwenye mshahara. Benki huomba hati ya malipo ya mshahara, barua ya mwajiri na rejesho la kila mwezi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, mkulima wa mpunga wa Nzega na mama anayeuza nafaka sokoni Tabora hawana hata kimoja kati ya vitu hivyo. Je, hiyo ina maana kwamba hawana fedha? La hasha. Fedha wanazo, ila haziji mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Nyumba ya bei nafuu si lazima iwe ile iliyoandikwa bei ndogo kwenye tangazo. Ni ile ambayo malipo yake yanafuata mapato ya mnunuzi.

Wilaya ya Uyui imeizunguka Manispaa ya Tabora. Makao makuu yake yako Isikizya, kwenye barabara iendayo Nzega. Maeneo ya namna hiyo, yaliyo nje kidogo ya mji, ndiyo yenye ardhi ya kutosha kujenga nyumba nyingi kwa pamoja. Na thamani ya ardhi hiyo haitabaki ilivyo. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, Nzega na Igunga. Barabara ya lami inaunganisha Tabora na Nzega, na nyingine inapita Itigi kwenda Manyoni. Mikataba ya kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma ilisainiwa kati ya mwaka 2021 na 2022.

Watu wa Unyanyembe si wageni wa mambo haya. Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na wafanyabiashara wakajenga matembe Kwihara. Tembe ambalo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani limehifadhiwa hadi leo. Lilikuwa jengo la kuta nene za udongo na paa bapa, lililojengwa kwa vifaa vya hapa hapa. Reli ya kwanza ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, biashara iliacha njia ya miguu ikaifuata stesheni. Aliyekuwa na kiwanja karibu alinufaika, na aliyechelewa alibaki kuwa mpangaji. Hatari iliyopo sasa ni mkulima kuuza shamba la kando ya barabara kwa bei ya shamba, halafu mwanawe aje kununua kipande cha ardhi hiyo hiyo kwa bei ya mji.

Ili kuona ugumu ulipo, ni vizuri kupiga hesabu. Chukua mfano wa nyumba yenye bei ya Sh milioni 40. Mnunuzi anatoa asilimia 10, yaani Sh milioni 4, na benki inamkopesha Sh milioni 36 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, muda wa miaka 15. Rejesho lake ni takriban Sh 529,000 kila mwezi. Mkopo utakapokwisha atakuwa amelipa benki kiasi cha Sh milioni 95. Ukijumlisha na fedha aliyotanguliza, nyumba ya milioni 40 imemgharimu milioni 99.

Riba ikishuka hadi asilimia 12, rejesho linakuwa takriban Sh 432,000 kwa mwezi, na jumla ya malipo kwa benki inapungua kwa zaidi ya Sh milioni 17. Kwa hiyo, anayedai riba ipungue ana hoja. Lakini hata riba ikipungua, mkulima bado atatakiwa kulipa Novemba wakati anapandikiza miche, Desemba wakati anapalilia, na Januari wakati ada za shule zinabisha hodi. Miezi hiyo hana mapato. Masoko ya tumbaku hufunguliwa mvua zikiisha, na mpunga huvunwa katika kipindi hicho hicho. Akikosa rejesho miezi mitatu mfululizo anaitwa mdaiwa sugu, ilhali tumbaku yake iko shambani na haina kasoro yoyote.

Suluhisho ni rejesho la mara moja au mara mbili kwa mwaka, baada ya mauzo. Wenye benki watasema kwamba fedha ikikaa kwa mteja mwaka mzima, benki inapata hasara. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaweza kupimwa. Katika mfano ule ule wa mkopo wa milioni 36, malipo ya mwezi kwa mwezi yanafikia takriban Sh milioni 6.34 kwa mwaka. Benki ikitaka kulipwa mara moja kwa mwaka bila kupoteza hata senti, inapaswa kudai takriban Sh milioni 6.83. Tofauti ni kama Sh 486,000, kiasi kisichofika hata rejesho la mwezi mmoja. Hiyo ndiyo bei halisi ya kumruhusu mkulima alipe kwa msimu. Wakulima wengi wangeikubali kuliko kukopa kwa mtu binafsi ili walipe benki.

Bila shaka, milioni 6.8 kwa mwaka ni mzigo ambao wakulima wengi hawawezi kuubeba. Ndiyo maana mabadiliko ya pili yanahitajika, na haya yanahusu nyumba yenyewe. Karibu kila mtu mkoani Tabora hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu anachoma matofali, mwaka ujao anapandisha kuta, mwaka wa tatu anatafuta bati. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kuta zisizo na paa hunyeshewa, na fedha iliyolala kwenye matofali haizai chochote. Matofali ya kuchoma pia yanakula kuni katika mkoa ambao misitu yake ya miombo tayari inabeba mzigo wa mabani ya kukaushia tumbaku. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa. Teknolojia hiyo ingepaswa kutangulia katika miradi ya magharibi.

Badala ya kumuuzia mkulima nyumba ya vyumba vitatu iliyokamilika, mwendelezaji amuuzie kiwanja kilichopimwa, chenye msingi wa nyumba nzima, vyumba viwili vilivyoezekwa, choo na bomba la maji. Sehemu iliyobaki ataiongeza mwenyewe. Kama nyumba hiyo ya kuanzia itauzwa kwa Sh milioni 15, na mnunuzi akatanguliza milioni 1.5, mkopo wa miaka 10 kwa masharti yale yale ya kulipa mara moja kwa mwaka utadai takriban Sh milioni 2.9 kila msimu. Hiyo ni hesabu ambayo mkulima wa kati na mwenye duka la rejareja wanaweza kukaa na kuijadili na wenzi wao.

Wazo hili si geni Tabora. Mradi wa viwanja vyenye huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulianza Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya mwaka 1974, na awamu ya pili ya mwaka 1977 ikaingia Tabora, Tanga, Morogoro na Iringa. Serikali ilitoa viwanja, barabara na maji, na wananchi wakajenga wenyewe, huku mikopo ikipitia Benki ya Nyumba Tanzania. Sinza ya leo ni matunda ya mradi huo. Lakini kuna mafunzo mawili ya kukumbukwa. Kwanza, viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia mikononi mwa wenye uwezo. Pili, Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995, moja ya sababu ikiwa mikopo isiyolipika. Mradi mpya usiozingatia mambo haya utarudia njia ile ile.

Kuhusu viwanja kuchukuliwa na wenye uwezo, dawa ni kutenga sehemu ya kila mradi kwa wanachama wa SACCOS na vyama vya msingi vya ushirika vya wilaya husika, na kuzuia kiwanja kuuzwa kabla ya miaka kadhaa kupita. Kuhusu mikopo isiyolipika, vyama vya msingi vinaweza kukata rejesho wakati wa malipo ya tumbaku, kama vinavyokata gharama za pembejeo. Lakini hapa tahadhari inahitajika. Mkulima anajua jinsi makato yanavyoweza kummaliza hadi akarudi nyumbani na karatasi tupu. Mtumishi wa umma analindwa na kanuni ya kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Mkulima naye awekewe kinga ya namna hiyo, na rejesho la nyumba lisizidi theluthi ya fedha inayobaki baada ya kulipa pembejeo.

Zaidi ya hapo, kila mkopaji awe na akiba ya rejesho la msimu mmoja kabla ya kukabidhiwa nyumba. Mvua ikikosekana au mnunuzi wa tumbaku akichelewesha malipo, akiba hiyo ndiyo itakayoinusuru nyumba. Anayeshindwa kuweka akiba hiyo ni vema asubiri mwaka mmoja zaidi, kwani nyumba ikipigwa mnada familia inapoteza paa pamoja na jasho la miaka yote.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kikwazo chake ni kukosa uthibitisho wa mapato, wala si msimu. Anayeuza mchele au asali kila siku anaweza kulipa hata kwa wiki. Benki zikubali kumbukumbu za miamala ya simu, daftari la mauzo na historia ya kuweka akiba katika SACCOS. Naye mfanyabiashara aanze kuandika mauzo yake leo, kwa sababu daftari la miaka miwili haliwezi kuandikwa usiku mmoja.

Fedha za muda mrefu si ndoto. Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuzipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Kinachokosekana ni mkopo ulioshonwa kwa kipimo cha mkulima, na huo unaweza kuanza kwa majaribio katika wilaya moja tu kama Uyui.

Wakati hayo yakisubiriwa, anayetaka kununua nyumba mpya nje ya mji asikimbilie rangi ya ukuta. Aulize kama kiwanja kina hati, au bado ni ardhi ya kijiji. Aulize maji yanafika bombani au yanaishia barabarani. Ahesabu nauli ya kwenda sokoni na shuleni kwa mwezi mzima, kwa sababu nauli nayo ni sehemu ya bei ya nyumba. Aombe benki imwandikie jumla ya fedha atakayolipa hadi siku ya mwisho. Na mwenzi wake ashiriki tangu mwanzo, kwani sheria inataka ridhaa ya mwanandoa kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani.

Halmashauri za mkoa nazo zina kazi ya kupima ardhi mapema, kabla reli mpya haijaanza kupakia na kushusha mizigo. Kiwanja kilichopimwa leo kinaweza kuuzwa kwa mkulima kwa bei anayoimudu. Kikisubiri treni ya kwanza ipige honi, atakayekinunua atakuwa mtu mwingine.