Mchoro Bila Sababu: Lugha na Hifadhi ya Maarifa ya Usanifu wa Kihandisi katika Ukanda wa Tunduma

Yapo mazoea ya kudhani kwamba maarifa ya usanifu wa kihandisi huhifadhiwa kwa kutunza michoro. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Mchoro huonyesha kitu kilivyo. Hauelezi kwa nini kiliamuliwa kiwe hivyo, wala ni njia zipi nyingine zilizofikiriwa zikaachwa. Sababu hizo aghalabu hukaa katika mazungumzo ya watu wa kazi, yaani katika lugha, nazo hupotea pamoja na wasemaji wake.

Ukanda wa Tunduma umekwisha kuonja hasara hiyo. Wanyiha wa Mbozi na majirani zao Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma. Katika Ufipa tanuri refu liitwalo ilungu lilifikia kimo cha mita 3 hivi, na halikuhitaji mivukuto, kwani hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, chuma cha kigeni kilipoenea. Baadhi ya matanuri yangali yamesimama, na wanaakiolojia, miongoni mwao Bertram Mapunda, wameyachunguza. Hata hivyo, kimo cha tanuri peke yake hakimwambii mtu fundi aliutambuaje udongo ufaao, wala alijuaje kwamba moto umekolea. Huko Buhaya, wazee waliweza kuyeyusha tena chuma mbele ya watafiti katika miaka ya 1970 kwa sababu kumbukumbu yao ilikuwa bado hai. Anayechelewa hupata magofu tu.

Sasa zamu ni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambayo huvuka mpaka hapo Tunduma. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Wataalamu wa Kichina na wafanyakazi wa Kitanzania na Kizambia hawakuwa na lugha moja. Mengi yalifundishwa kwa kuonyesha, mkono ukifuata mkono. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi huo haikupata kuandikwa. Upana wa njia ni mfano wa sababu iliyosalimika: milimita 1,067, badala ya 1,000 za Reli ya Kati, ulichaguliwa ili reli iungane na ile ya Zambia, na ndiyo maana mizigo inayobadili reli huhamishwa Kidatu. Lakini ni nani atakayeeleza kwa nini kalvati fulani ilipanuliwa, au tuta fulani likapindishwa? Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1970 leo amepita 70.

Huenda ikadaiwa kwamba kazi hii ni ya wahandisi, si ya wanaisimu. Hoja hiyo haina mashiko. Kwa miaka mingi uundaji wa istilahi umefanywa zaidi mezani, kwa kutafsiri orodha za Kiingereza, ilhali mafundi wa njia walikwisha kuwa na maneno yao ya mataruma, kokoto na mahandaki. Kila neno la namna hiyo limebeba uamuzi wa kiufundi. Kulikusanya bila sababu yake ni kurudia kosa la mchoro.

Aidha, mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuikabidhi reli hii kwa kampuni ya Kichina ili iifufue na kuiendesha. Kinachofufuliwa hubadilishwa, na abadilishaye bila kujua sababu ya kwanza huweza kubomoa kinga asiyoiona. Hapana budi, basi, idara za Kiswahili ziwapeleke wanafunzi wao wa uzamili Tunduma na Mbeya, wakae na wastaafu wa reli, na waandike neno, matumizi yake na sababu yake kwa pamoja. Kamusi inaweza kungoja miaka kumi, wazee hawawezi.