Tusiogope Ada, Tuogope Hesabu Tulizoziacha Njiani

Mwaka huu nimeishika kalamu yangu si kuwasimulia hekaya za sungura na fisi, la hasha, bali kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi mtalishangaa. Nataka kuzungumzia kuomba nafasi ya shahada ya uzamifu katika uchumi na fedha. Najua kuna atakayecheka na kuniuliza, "Wewe bwana, hata KCSE hujaifanya, uzamifu umeutoa wapi?" Ngojeni kidogo. Hoja yangu ni kwamba mlango wa uzamifu huo hufunguliwa au hufungwa mapema sana, tungali na sare za shule, na wengi wetu tunajifungia wenyewe bila kujua.

Kwanza tuelewane. Shahada ya uzamifu ndiyo ya juu kabisa katika ngazi za masomo, ile inayomfanya mtu aitwe Daktari bila kushika sindano. Wengi wetu hudhani kwamba anayesomea uzamifu wa uchumi au wa fedha anafundishwa mbinu za kutajirika. Sivyo hata kidogo. Anayetaka kuajiriwa benki au kukagua vitabu vya kampuni, CPA inamtosha. Uzamifu ni kazi ya kutafuta swali ambalo halijajibiwa, kisha kulijibu kwa ushahidi ambao hata mpinzani wako atatoa jasho kuupangua.

Chukua mfano wa ubishi wetu wa kila siku wakati wa prepu. Je, shule za kitaifa huwapa wanafunzi alama nzuri, au huwapokea tu wale ambao bongo zao zilikuwa zinachemka tangu zamani? Wanauchumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, walilifanyia swali hilo utafiti wakauchapisha mwaka wa 2014. Waliwatazama wanafunzi ambao KCPE iliwaweka juu kidogo tu ya mstari wa kuingia shule ya kitaifa, wakawalinganisha na wale walioanguka chini kidogo tu ya mstari huo huo. Watoto hawa walikuwa karibu sawa. Alama chache tu ndizo zilizowatenganisha. Kama shule ya kitaifa ina dawa, basi miaka minne baadaye wale wa juu wangewaacha wa chini mbali sana katika KCSE. Lo! Tofauti waliyoiona ilikuwa ndogo mno, karibu hakuna. Sisi ambao shule yetu si ya kitaifa tuna haki ya kuifurahia habari hiyo. Lakini pia tujiulize: mtu hujifunza wapi kuuliza swali namna hiyo?

Au tuchukue upande wa fedha. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, na kila mtu mtaani atakwambia imemsaidia. Kusema ni rahisi, kuthibitisha ndiko kazi. Tavneet Suri, aliyekulia papa hapa Kenya akaja kuwa profesa MIT huko Marekani, pamoja na mwenzake William Jack, walizifuatilia familia za Kenya kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 2016 wakatoa makadirio kwamba huduma hiyo ilizitoa familia zipatazo 194,000 katika umaskini mkubwa, na kwamba waliofaidika zaidi ni familia zinazoongozwa na wanawake.

Huko Busia nako, Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza faida ya dawa za minyoo katika shule 75 za msingi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004. Kremer alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Waliomeza dawa ni watoto wetu. Majina yaliyo juu ya makala ni ya wageni. Siwalaumu wageni hao, maana kazi yao ni njema na imewafaa wengi. Nasema tu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaolala kitandani humo tuna maswali ambayo mgeni hatayawaza, na itakuwa aibu yakikosa mwenye kuyauliza.

Isitoshe, shahada hii si pambo la ukutani. Magavana watatu wa Benki Kuu ya Kenya waliofuatana kuanzia 2007 wote wana uzamifu wa uchumi: Njuguna Ndung'u aliupatia Gothenburg huko Uswidi, Patrick Njoroge akaupatia Yale, naye Kamau Thugge Johns Hopkins. Gavana ndiye huongoza kamati inayopanga riba ya Benki Kuu, na riba hiyo huufikia hata mkopo ambao mzazi wako alichukua kukulipia karo.

Sasa tuje kwa hofu. Ukimtajia mzazi masomo ya Marekani, swali lake la kwanza ni, "Tutauza shamba lipi?" Hapa ndipo wengi hukosea. Idara nyingi kubwa za uchumi za Marekani, na zile za fedha zilizo katika shule za biashara, humsamehe mwanafunzi wa uzamifu karo yote, tena humlipa posho ya kuishi kwa miaka mitano hivi, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti. Huuzi shamba. Hata mbuzi humwuzi.

Kinachouma ni gharama ya kuomba. Mtihani wa GRE, ambao vyuo vingi bado huutaka ingawa vingine vimeuacha, ni dola 220. Ombi moja huweza kugharimu dola 100 hivi. Dola moja ikiwa shilingi kama 129, aliyeomba vyuo kumi na kufanya GRE ametumia zaidi ya shilingi 150,000 kabla hajajibiwa lolote. Hiyo si haki, na nitaisema waziwazi: chuo chenye mabilioni hakifai kumtoza mtoto wa mkulima pesa za kumsomea barua. Hata hivyo, vyuo vingi vina njia ya kuomba kusamehewa ada hiyo, na anayeuliza mapema huweza kupata. Wanaokwambia kwamba watakununulia nafasi ya uzamifu kwa "ada ya wakala" ni matapeli, wakimbie kama ukoma.

Basi ada inaombeka. Hesabu haziombeki.

Dada yangu mkubwa aliomba vyuo sita mwishoni mwa mwaka wa 2024. Alikuwa na shahada ya kwanza ya uchumi kutoka chuo kikuu kimoja cha humu nchini, daraja la kwanza, si mchezo. Mimi nilikuwa likizoni, nikawa naandamana naye saiba kupiga stakabadhi zake picha na kuzituma kabla ya siku ya mwisho, kwani vyuo vingi hufunga milango katikati ya Desemba. Kufikia Machi, vyote sita vilikuwa vimemkataa. Barua za kukataa hazisemi sababu. Ni maneno ya asali tu na kukutakia kila la heri. Ni mhadhiri wake wa zamani aliyeitazama orodha ya masomo yake na alama akamwambia, "Alama ni nzuri sana, lakini hakuna mahali hapa panapoonyesha kwamba unaweza kuthibitisha." Masomo ya hisabati yalikuwa ya hiari, na wanafunzi wote waliyakwepa kwa sababu ati yanaharibu daraja la kwanza. Dada alilipata daraja, akakosa nafasi. Sasa anasoma uzamili hapa Nairobi na usiku anapambana na zile hesabu alizoruka.

Kwa nini hisabati? Kwa sababu mwaka wa kwanza wa uzamifu wa uchumi ni hisabati tupu. Somo la uchumi wa mtu binafsi na kampuni, somo la uchumi wa nchi nzima, na somo la takwimu za kiuchumi, yote matatu yanafundishwa kwa lugha ya hesabu, halafu unatahiniwa. Ukianguka na kurudia kuanguka, unaonyeshwa mlango. Kwa hivyo kamati inayosoma maombi hutafuta dalili kwamba utavuka mwaka huo: kalkulasi, aljebra ya matriki, takwimu, na lile somo ambalo hupewi hesabu ukokotoe bali unapewa dai ulithibitishe hatua kwa hatua. Katika sehemu ya hesabu ya GRE alama ya juu kabisa ni 170, na wengi wanaokubaliwa katika vyuo vikubwa huwa wameikaribia kabisa. Idara kubwa ya uchumi hupokea mamia ya maombi na kuanza mwaka na watu kama 20 tu. Ya fedha huchukua wachache zaidi, pengine wanne au watano.

Nanyi wadogo zangu wa Gredi ya 10 na wale mtakaotufuata, jambo hili linawahusu kuliko mtu yeyote. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itasomwa na kila mwanafunzi wa shule ya upili, lakini kwa namna mbili: nzito kwa wanaofuata njia ya sayansi, na nyepesi kwa wengine. Uchumi huhesabiwa kuwa sayansi ya jamii. Basi mtoto anayependa uchumi ataona njia ya sayansi ya jamii imeandikwa jina lake, ataingia, atapewa hisabati nyepesi, atashangilia. Miaka kumi baadaye atagundua alichoshangilia. Ushauri wangu: kabla hujachagua, mwulize mwalimu kama unaweza kuisoma ile nzito hata ukiwa njia nyingine, na ukiruhusiwa, ichukue. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kuna jambo la pili linaloanza mapema: barua za mapendekezo. Maombi ya uzamifu huhitaji barua tatu, kwa kawaida kutoka kwa wahadhiri, na wanaozisoma huzipa uzito mkubwa. Sote tunazijua barua za kwetu: "Ni mtiifu, mwenye nidhamu, na mchapa kazi." Maneno hayo yanamfaa mwanafunzi na yanaweza kumfaa punda pia. Barua inayofungua mlango ni ile ambayo mwandishi anasema huyu alinisaidia kazi fulani, akagundua kosa hili, akauliza swali lile. Mwalimu hawezi kuiandika barua ya aina hiyo kama hujawahi kumfuata na swali baada ya kengele. Zoea hilo hujengwa hapa hapa, katika mlango wa chumba cha walimu ambao wengi wetu huupita tukikimbia.

Najua kuna wenzangu chamani watakaosema, "Sisi ni watu wa lugha. Hisabati ina wenyewe." Nawajibu hivi. Anayependa Kiswahili tayari anajua kazi ya kanuni. Ukikosea upatanisho wa ngeli, sentensi nzima huanguka. Ukikosea mizani, shairi huchechemea. Hesabu za kuthibitisha ni ukali wa namna hiyo hiyo. Tena lugha ina kazi yake katika maombi haya, kwani mwombaji huandika maelezo ya nia yake. Anayeanza kwa kusema "tangu utotoni nimeupenda uchumi" ni kama yule anayeanza kila insha kwa kusifu jua na ndege. Anayetaja swali moja analotaka kulijibu, na namna atakavyolijibu, ndiye anayesomwa hadi mwisho.

Wengine watasema kwamba vyuo vya ng'ambo havitujui. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini njia si moja. Muungano wa utafiti wa uchumi Afrika unaojulikana kama AERC ulianzishwa mwaka wa 1988, makao yake yako Nairobi, na umesaidia kuendesha masomo ya uzamili na uzamifu kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya bara hili, kikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi. Pia kuna mashirika ya utafiti nchini, kama vile Innovations for Poverty Action, yanayoajiri vijana waliohitimu kusaidia kazi za utafiti. Mwaka mmoja au miwili huko hukupa ujuzi, na hukupa mtu wa kukuandikia barua.

Kwa hivyo naomba mambo mawili kwa shule yetu. Siku ya ushauri wa taaluma, pamoja na daktari, wakili na mhandisi tunaowaona kila mwaka, aalikwe pia mwanauchumi anayefanya utafiti. Na kabla ya wadogo zetu kuchagua njia zao, wakae na mwalimu wa hisabati na si mwalimu wa taaluma peke yake, waambiwe wazi ni milango gani hisabati nyepesi inaifunga.

Mimi yangu ni hayo. Anayenipinga anajibu katika toleo lijalo, tena aje na ushahidi. Na aliye Gredi ya 10 akitaka tusaidiane hesabu, Jumanne na Alhamisi baada ya michezo niko maktaba, meza ya karibu na dirisha. Karibuni.

Mwanachama, Kidato cha Nne