Fuso Limeshusha Mizigo, Tukabishe Hodi

Ndugu wananchi wa Tanga, mmeona mambo ya siku hizi? Unakaa barazani jioni, Fuso linasimama nyumba ya tatu, limefunikwa turubai, juu kuna godoro, kabati na baiskeli ya mtoto. Leo Mabawa, kesho Makorora, keshokutwa Kange. Wako waliohamishwa kikazi, wako waliofuata bandari, wako walioletwa na bomba la mafuta linaloanzia Hoima kule Uganda na kusafiri kilomita 1,443 mpaka Chongoleani. Wengi wametoka kwenye baridi: Njombe, Mbeya, Arusha, Lushoto.

Mji wetu hutaniwa kuwa ni wa waja leo waondoka leo. Hawa hawaondoki leo. Wamekuja na vyombo na watoto. Je, katika mtaa wako, nani atatangulia kubisha hodi?

Nauliza kwa sababu nami nilishushwa hivyo hivyo. Nilifika Februari, mwezi ambao nyuzi 32 mchana si ajabu, nikiwa na mablanketi manne mazito ya kwetu nyanda za juu. Usiku nilifunga madirisha yote kama nilivyozoea, nikalala nimelowa jasho mpaka alfajiri. Siku ya tatu mama wa nyumba ya pili alikuja na sahani ya vitumbua. Hakunicheka. Alifungua dirisha la upande wa bahari, akafungua na la upande wa pili, akanifungia chandarua vizuri kitandani. "Mwanangu," akasema, "huku upepo upe pa kuingilia na pa kutokea." Tangu siku hiyo nalala.

Kazi ya mama yule haikufika nusu saa. Hiyo ndiyo ninayowaombeni nyote.

Tuanze na watoto, maana hapo moyo wangu hautulii. Mtoto aliyekulia milimani anaujua mto, na mto maji yake huenda upande mmoja tu. Bahari ni kitu kingine. Anafika Raskazone anakuta maji yamekupwa, mchanga umeenea hadi mbali, wenzake wanatafuta kaa, naye anasogea mbele, na mbele tena. Nani amemwambia kwamba maji yale yatarudi? Nani amemwambia kwamba yanaweza kujaa kwanza kwenye bonde lililo nyuma yake, yakamkatia njia, huku pale aliposimama pangali pakavu?

Sisi tunajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku saa zake husogea kama dakika 50. Tunajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hutoka mbali na hurudi kwa nguvu. Tunayajua bila hata kukumbuka aliyetufundisha. Mvuvi unayetengeneza nyavu pale, kijana unayecheza mpira ufukweni, ukimwona mtoto mgeni mwite umwoneshe. Nanyi walimu, mwanafunzi mpya akiingia darasani muulizeni mapema kama anajua kuogelea.

Halafu kuna mbu. Aliyetoka kwenye baridi kali mwili wake haujaizoea malaria, na ikimpata humwangusha kuliko inavyotuangusha sisi. Ukimwona jirani mpya ana homa, usimwache akisema ni uchovu wa safari. Mpeleke kituo cha afya, apimwe, ndipo anywe dawa. Mwaka 2019 homa ya dengue ililipuka hapa kwetu na Dar es Salaam, na mbu wake huuma mchana. Hutaga kwenye maji safi yaliyotulia: ndoo iliyosahauliwa, tairi, kifuu cha nazi. Kwa wiki moja hivi yai limeshakuwa mbu. Tukimwaga maji hayo kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, mwenyeji na mgeni, atazaliana wapi? Na homa ambayo haijapimwa tusiitulize kwa aspirini wala diklofenaki, kwani ikiwa ni dengue dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Wenye nyumba, mnapomkabidhi mpangaji funguo, mwambieni na yale yasiyoandikwa kwenye mkataba. Kisima ni cha maji ya chumvi au matamu? Maji ya bomba hutoka saa ngapi? Mnazi ule wa uani huanguliwa lini? Mgeni hajui kwamba mkeka hautandikwi chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa.

Wasimamizi wa kazi za juani, mtu mpya mpeni wiki mbili mwili wake uzoee. Kazi nzito ianze asubuhi mapema, dumu la maji liwe karibu, na akisema anaona kizunguzungu aaminiwe, akae kivulini.

Nanyi mliofika, karibuni sana. Msione haya kuuliza. Mkinunua kiwanja, piteni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kaeni na majirani wa pande zote nne, kwa sababu huku pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mwingine. Mkijenga, mchanga wa ufukweni uacheni palepale: chumvi yake hula nondo. Mikoko nayo iacheni isimame, humo ndimo wanamokulia kamba na samaki tunaowala sote.

Msiba ukitokea mtaani, nenda hata kama marehemu humjui. Kaa mkekani, toa ulichojaliwa. Wengi wetu majina yetu yalijulikana mtaani siku kama hiyo. Na ukiletewa sahani, usiirudishe tupu. Haihitaji kuwa kitu kikubwa. Viazi vya Njombe, maharage ya kwenu, parachichi mbili, mwenye sahani atafurahi kuliko unavyodhani.

Sisi wenyeji nasi tuna jambo la kukumbuka. Maji tunayokunywa mjini hapa yanatoka mto Zigi, na Zigi huanzia milimani, kwenye misitu ya Amani. Watu wa mlimani wametutunzia maji miaka yote hiyo kabla hatujawakaribisha hata kikombe cha chai.

Basi jioni ukisikia Fuso limezima injini, nenda. Mikono mitupu si kitu, wala usingoje ujuane nao kwanza. Kama hujui uanzie wapi, mwoneshe mwenyeji mpya wa nyumba ile dirisha la kuacha wazi kaskazi inapovuma, na lile la kufungua kusi itakapoanza.