Mazungumzo ya Nyumbani: Kabla ya Kwenda kwa Sonara

Mwezi huu twajibu barua ya mwalimu mmoja kijana aliye bara, ambaye ataka kumvika mchumba wake pete mbele ya wazee wa pande zote mbili. Posa imekwisha kupokewa, mahari imekwisha kutajwa, na sehemu yake imekwisha kulipwa. Hataki pete ya kununua dirishani. Ataka ya kufanyizwa kwa umbo alilolifikiri mwenyewe, na sonara amempa siku ya kuja kuzungumza. Atuuliza, "Niende na nini?" Kisha, chini kabisa ya barua, kama mtu anenaye huku akitazama pembeni, aongeza ya kuwa rafiki zake wamemwambia kwamba pete isiyogharimu mshahara wa miezi miwili si pete ya mwanamume, naye afikiri kukopa.

Tutaanza na hilo la chini, maana asipolimaliza nyumbani, sonara hawezi kulimaliza kwa ajili yake. Hiyo miezi miwili haikutoka kwa wazee wetu, wala katika Maandiko, wala katika sheria yo yote ya ndoa. Ilitoka katika matangazo ya biashara. Kampuni ya De Beers, iliyokuwa imeshika sehemu kubwa sana ya biashara ya almasi ulimwenguni, ilianza mwaka 1938 kutumia watu wa matangazo huko Marekani ili vijana waamini kwamba uchumba usio na almasi haujatimia. Mwaka 1947 ikapata maneno yake mashuhuri ya kuifananisha almasi na milele, na katika miaka ya 1980 matangazo yake yakautaja waziwazi mshahara wa miezi miwili. Muuza ng'ombe akikuambia ng'ombe wangapi wakutosha, utamsikiliza kwa adabu, lakini hutamwachia fimbo ya kuhesabia. Tena desturi yenyewe ya pete ya uchumba ni ya zamani kuliko almasi zake. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, asema ya kuwa siku zake mchumba alipelekewa pete ya chuma, tena isiyo na kito.

Basi, kitu cha kwanza cha kuchukua ni karatasi moja yenye hesabu. Juu yake mwalimu aandike fedha alizo nazo. Aondoe mahari iliyobaki, chakula cha siku ile, nguo, na nauli ya wazee. Kinachobaki ndicho cha pete, hata kikiwa kidogo. Na amwambie sonara kiasi hicho mapema, kabla kalamu haijagusa karatasi. Vijana wengi waona haya kutaja fedha. Matokeo yake fundi huchora apendavyo, picha huwa nzuri, na kijana huona haya mara ya pili kuikataa. Deni la namna hiyo huingia nyumbani pamoja na bibi arusi, naye ndiye atakayesaidia kulilipa bila kuulizwa.

Na kuulizwa ndilo jambo la pili. Wako wasomaji watakaotukemea hapa. Watasema pete yapaswa kuwa jambo la kushtukiza, kama waonavyo katika picha za sinema na za simu. Sisi twaona hivi: siku na iwe siri akitaka, lakini pete isiwe siri, maana kidole si chake yeye. Mchumba wa mwalimu huyu ni muuguzi. Huosha mikono mara nyingi kwa siku, huvaa mipira ya mikono na kuivua, hunyanyua wagonjwa. Kito kilichosimama juu ya kucha ndefu za dhahabu kitachana mipira hiyo, kitakwaruza ngozi ya mgonjwa, na uchafu utajificha chini yake. Hospitali nyingi hazipendi muuguzi avae pete ya kito kazini hata kidogo. Basi pete yake ama iwe ya chini, kito kikiwa kimezamishwa ndani ya ukingo wa dhahabu unaokizunguka pande zote, ama aijue tangu mwanzo kuwa ni pete ya siku za mapumziko, akiwa na kamba ya kuivaa shingoni au mahali pa kuihifadhi. Mwanamke ashikaye jembe, au apigaye taipu, au akandaye unga kila alfajiri, ana habari nyingine za kumwambia fundi. Hakuna awezaye kuzisema kwa niaba yake.

Sasa kito. Mwalimu ataka tanzanaiti, kwa kuwa ni jiwe la nchi yetu, na rangi yake ni kama mbingu jua likishuka. Hatumlaumu. Jiwe hilo lilijulikana mwaka 1967 huko Mererani, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la nchi. Mpaka leo hakuna mahali pengine duniani linapochimbwa kwa biashara. Watu wengi hawajui kwamba mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya hudhurungi, ndipo hupashwa moto mkali yakawa buluu. Hilo si udanganyifu, ni kazi ya kawaida, na rangi hiyo haififii.

Lakini uzuri wa jiwe ni jambo moja na ugumu wake ni jingine. Mjerumani Friedrich Mohs alipanga mwaka 1812 ngazi ya daraja 10 za ugumu, ambayo kila jiwe la daraja ya juu laweza kulikwaruza lililo chini yake. Almasi ina 10. Yakuti, nyekundu na ya samawi pia, zina 9. Tanzanaiti ina kati ya 6 na 7. Sasa walimu waangalie: chembe za mchanga wa kawaida, zilizo za jiwe liitwalo kwatzi, zina ugumu wa 7, nazo zimo katika vumbi la barabarani na la mezani. Kila apangusapo vumbi juu ya pete, mwenye tanzanaiti aisugua kwa kitu kigumu kuliko hiyo. Baada ya miaka michache mng'ao hufifia. Tena jiwe hili hupasuka upesi likigongwa au likitoka ghafula katika joto kuingia katika baridi. Kwa hereni au kidani ni jiwe jema mno. Kwa pete ya muuguzi avaaye kila siku, hatulipendi, na twamwambia mwalimu hivyo bila kuficha. Akishika neno lake, basi lizungukwe na ukingo wa dhahabu.

Nchi ina mengine. Bonde la Umba, upande wa Tanga, na Tunduru kule kusini hutoa yakuti za rangi nyingi, nazo huvumilia kazi. Iko tsavoriti ya kijani, iliyoonekana Tanzania mwaka uleule wa 1967, ingawa jina lake latoka Tsavo ya Kenya. Ugumu wake ni 7 na zaidi kidogo. Almasi zimechimbwa Mwadui tangu mwaka 1940. Ziko pia almasi zinazofanyizwa viwandani, nazo ni almasi kweli wala si kioo, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya zile za ardhini. Hakuna aibu kuinunua hiyo, mradi muuzaji aseme ni ipi na aiandike. Vito visinunuliwe njiani kwa mtu atoaye karatasi iliyokunjwa mfukoni. Leo, tangu mwaka 2019, yako masoko ya madini, na wako wafanya biashara wenye leseni.

Hapa neno moja huwachanganya watu. "Karati" ya kito ni uzito: karati 1 ni gramu 0.2. "Karati" ya dhahabu si uzito, bali ni usafi: dhahabu tupu ni karati 24, na ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na 6 za madini mengine, ndiyo maana hupigwa muhuri wa 750, yaani sehemu 750 katika 1,000. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu tupu. Hesabu hiyo yafaa kuwapa watoto wa shule. Pwani watu wapenda karati 21 na 22 kwa wekundu wake, na kwa bangili ni sawa. Lakini dhahabu hiyo ni laini, na kucha zinazoshika kito hupinda. Kwa pete yenye kito twachagua 18, au 14 ikiwa fedha ni chache. Dhahabu nyeupe hupakwa madini ya rodiamu ili ing'ae, na rangi hiyo huchakaa. Mwenye kuitaka ajue kwamba atarudi kwa fundi kuipaka tena.

Mwalimu aandika pia kwamba mama yake mzazi, aliyefariki, aliacha bangili, naye angependa iyeyushwe iwe pete. Wazo hili latupendeza kuliko yote yaliyo katika barua yake, na ndilo lenye hatari kuliko yote. Kwanza, bangili ya mama ni ya watoto wote wa mama. Awaite ndugu zake, hasa dada zake, waseme wenyewe kwa vinywa vyao, maana bangili ikisha kuyeyuka hairudi. Pili, aipeleke kwa fundi ipimwe usafi kabla ya kuahidi neno: fundi huisugua juu ya jiwe jeusi na kutia tone la asidi, au hutumia mashine. Vitu vya zamani vilivyoungwaungwa mara nyingi huwa na karati ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Tatu, iwekwe katika mizani mbele yake na uzito uandikwe, na wakubaliane tangu hapo ni kiasi gani kitakachopotea katika kuyeyusha na kupiga tupa, na mabaki yatakuwa ya nani. Akitaka kuwa na hakika kwamba ni dhahabu ya mama yake na si nyingine, aombe kuwapo inapoyeyushwa. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa ombi hilo.

Kipimo cha kidole ni jambo dogo linaloharibu pete nyingi. Uzi hunyoosheka, ukanda mwembamba wa karatasi ni bora, na bora zaidi ni pete za kupimia alizo nazo sonara. Mzingo wa milimita 54 ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo cha milimita 17.2, na tofauti ya milimita moja tu ya kipenyo hufanya pete ikwame au idondoke. Kidole hunywea kwa baridi na kuvimba kwa joto. Aliyepimwa Njombe asubuhi ya mwezi wa Julai atalalamika akihamishiwa Tanga. Basi apimwe mara mbili tatu, saa mbalimbali, na kifundo cha kidole kipimwe pia, maana ndicho mlango. Tena wazee wakubaliane kwanza ni mkono upi, kwa kuwa mkono wa kazi huwa mnene zaidi kidogo. Pete pana huhitaji nafasi kubwa kuliko nyembamba.

Siku ya mazungumzo, achukue picha mbili au tatu za pete azipendazo, na moja asiyoipenda. Hiyo ya mwisho humsaidia fundi sana. Asichukue ishirini. Aulize itafanywaje. Mara nyingi siku hizi umbo huchongwa kwanza kwa nta, kwa mkono au kwa mashine ifuatayo mchoro wa kompyuta. Nta hufunikwa kwa plasta, huyeyushwa ikatoka, na dhahabu humiminwa mahali pake. Basi aombe kuiona ile nta, na mchumba aijaribu kidoleni, kabla dhahabu haijasubiwa. Kubadili nta ni kazi ya saa moja. Kubadili dhahabu ni kulipa tena.

Asitoe arbuni bila stakabadhi. Ndani yake yaandikwe karati ya dhahabu, uzito unaotazamiwa, bei ya gramu siku ile, ujira wa ufundi peke yake, aina ya kito na uzito wake na kama kimepashwa moto, kipimo cha kidole, na tarehe. Tarehe hiyo iwe majuma mawili au matatu kabla ya siku ya wazee, kwa maana mafundi ni watu wa ahadi nyingi.

Na atakapoichukua, ipimwe katika mizani, kisha uzito wa kito uondolewe asije akalipa bei ya dhahabu kwa jiwe. Atazame muhuri. Aitikise karibu na sikio; kito kilicholegea husema. Apitishe kitambaa laini juu ya kucha zake, na nyuzi zikinaswa, airudishe mezani palepale. Mchumba mwenyewe aivae: ikipita kifundo kwa kusukumwa kidogo na kutoka kwa kuvutwa kidogo, imetosha.

Barua zilizotujia juu ya ada za shule tutazijibu mwezi ujao.